Chumvi Niliyoiita Chupa

Nilistaafu nikiwa na sifa ya mtu asiyeacha mstari mtupu katika daftari. Miaka yote niliyotumikia ukaguzi wa vyakula katika masoko ya Kindu, hakuna karatasi iliyotoka mezani kwangu bila siku, saa, mahali, mashahidi na sahihi. Niliwakemea makarani waliofuta makosa kwa wembe badala ya kuyapiga mstari mmoja na kutia sahihi pembeni, kama inavyotakiwa. Hata leo, nikisikia kwamba ofisi fulani imetoa hati mbili zenye nambari moja, damu hunichemka na barua naiandika siku hiyohiyo. Siyataji hayo kwa kujisifu. Ninalokuja kulieleza linahusu karatasi moja niliyoiandika vibaya na mstari mmoja niliouandika kwa uongo, na vyote viwili vilimwangukia mwanamke mmoja wa Alunguli, ng'ambo ya mto, ambaye kosa lake lilikuwa kutuchemshia chumvi wakati mji mzima haukuwa nayo. Alipoteza jina lake kwa sababu yangu. Hadi majuzi alikuwa bado hajarudishiwa.

Katika miaka ya vita treni ya kusini ilikoma. Meli za kutoka chini ya mto nazo zikakoma. Kilichoingia mjini kiliingia kwa ndege, na ndege ilikuwa na wenyewe. Chumvi ikawa kitu cha kupimwa kwa kijiko cha chai, kisha kwa ncha ya kisu. Tulikula sombe ya majani ya mihogo chapwa, samaki chapwa, na nyumbani kwangu watoto walijifunza kulamba kiganja cha mgeni aliyetoka safari, wakitafuta jasho. Ndipo wanawake wa vijijini na wa ng'ambo ya mto walipokumbuka kazi ya bibi zao: kuchoma matete na majani ya ukingoni, maganda ya ndizi, maua makavu ya michikichi, kutia majivu katika kikapu kilichotandikwa majani, kumwagia maji na kukinga yanayodondoka chini, ya rangi ya chai, kisha kuyachemsha mpaka chungu kibaki na ukoko mweupe. Ukoko huo ndio chumvi ya majivu. Ina uchungu kidogo nyuma ya ulimi, lakini ni chumvi.

Mwanamke ninayemzungumzia alikuwa mjane wa mhunzi. Kwa hiyo alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho, nacho ni mivukuto ya marehemu mumewe. Hakuishia kwenye ukoko. Aliutia katika chungu kidogo kizito, akavukuta makaa mpaka chumvi yenyewe ikayeyuka ikatiririka kama mawese ya moto. Yeye hakuwahi kuisahau kazi hiyo; kabla ya vita, hayo aliniambia mwenyewe baadaye, aliiacha ipoe humohumo chunguni, imefukiwa majivuni, mpaka kesho yake. Ikatoka donge jeupe lenye punje, gumu, la kukatwa kwa shoka. Lakini wakati wa vita chungu hakikuweza kuachwa jikoni mpaka kesho. Wenye silaha walipita nyumba kwa nyumba, na moshi uliwaita. Basi aliimwaga ikiwa bado nyekundu juu ya kipande cha reli ambacho marehemu alikitumia kama fuawe, ikaganda kabla hujamaliza kupumua, akaifunga katika majani na kuingia nayo porini. Chumvi ya namna hiyo ilitoka nyembamba, ya kijani hafifu, laini kwa kidole, na ukiishika mbele ya macho uliona mkono wako upande wa pili.

Siku hizo zilivuma habari kwamba kuna watu wanaosaga chupa na kuzichanganya katika vyakula ili watuue bila risasi. Asubuhi moja mama mmoja mwuza samaki wa Alunguli alivuka mto, akaja ofisini kwangu akisema mtoto wake ametema damu baada ya kula chumvi ya yule mjane. Alinionyesha kipande. Nilikiangalia na sikuwa na shaka. Nilichukua daftari, muhuri, lenzi yangu ya mkononi na walinzi wawili, tukapanda mtumbwi pamoja na mama yule.

Nilimkuta ameketi nyuma ya beseni mbili, katikati ya wauza mihogo. Nilimwuliza mbele ya watu, kama utaratibu unavyotaka.

“Mama, hii njo nini?”

“Njo chumvi, Shefu. Chumvi ya majivu. Onja.”

“Chumvi iko na punje. Hii haina punje.”

“Haina sababu sikuiacha ilale. Waaskari wanapita kila siku, miye ningoje chungu kilale?”

Watu wakacheka. Nilitoa lenzi. Shuleni nilikuwa nimefundishwa kwamba punje ya chumvi, ukiikuza, ni kijumba cha mraba chenye pembe sawasawa, na nilikuwa nimeyahakikisha hayo mara nyingi kwa macho yangu. Katika kipande kile sikuona mraba wowote. Niliona kitu kitupu, na mahali kilipovunjika palikuwa na mbonyeo kama ukucha, vilevile kama chupa inavyovunjika. Nilikigeuza huku na huku kwa muda.

“Shefu, unatafutamo chawa?” mwuza mihogo mmoja aliuliza nyuma yangu, na safari hii soko lote lilicheka.

Ninakiri kwamba kicheko hicho kilikaa ndani ya hukumu yangu. Nilisimama wima nikamwambia yule mjane kwamba ameuza chupa iliyosagwa.

Hakupandisha sauti. “Leta maji mu kikombe, Shefu. Tia ndani, tungoje kidogo. Chupa haiyeyuke. Chumvi inayeyuka. Hata mutoto anajua.”

“Kielelezo hakiguswi,” nilimjibu.

“Kielelezo njo nini?”

“Njo hii niliyoikamata. Haiwezi kubadilishwa hali yake mpaka ifike kwa wakubwa.”

“Basi chukua hiyo, bakia nayo. Miye nakula hii ingine.”

Akachukua kipande akakipeleka kinywani. Mlinzi mmoja alimpiga mkono, kipande kikaanguka juu ya jiwe, na buti likakikanyaga. Kililia. Kililia kama chupa hasa.

“Mumesikia?” alipiga kelele mama mwuza samaki. “Inalia! Inalia kama chupa!”

Niliandika hati papo hapo. Kisha nikapanda juu ya sanduku, nikatia mdomo katika bomba la bati tulilolitumia kutangazia, nikaisoma kwa sauti yangu yote: kwamba fulani, mjane wa fulani, mkazi wa Alunguli, amekutwa akiwauzia raia chumvi iliyochanganywa na chupa. Sikuwa nimefika kwenye sahihi, beseni ya kwanza ilikuwa imebebwa mtoni. Aliyeimwaga ni yule mwuza samaki. Walinzi walikwenda nyumbani kwake wakaleta mivukuto na kile kipande cha reli kuwa vyombo vya kosa, na mimi nikatia sahihi ya kuvipokea. Sijui viliishia wapi.

Wakati nafunga daftari aliniuliza, “Shefu, umeandika yote?”

“Nimeandika.”

“Basi andika na hii: kama niliomba maji.”

Sikuliandika. Nilijiambia kwamba ombi la mshukiwa si sehemu ya tukio.

Tangu siku ile aliitwa Mama Chupa. Hakuweza kuuza hata mchicha. Watu waliugeuza jani kwa jani wakitafuta vigae. Mtoto wa mwuza samaki alipona. Muuguzi aliniambia kwamba alikuwa na jino lililooza mpaka kwenye fizi, na kwamba damu ilitoka hapo. Nilimshukuru muuguzi kwa taarifa, wala sikuiandika popote.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka.

Kipande nilichokikamata nilikuwa nimekitia katika bahasha, nikaifunga kwa lakiri na kuiweka katika kabati la ofisi, rafu ya juu, kingojee usafiri wa kwenda kwa wakubwa, ambao katika vita haukuwapo. Mvua zikaanza. Siku moja nilifungua kabati kutafuta karatasi nyingine, nikaona bahasha ile imelowa katikati na kukauka pembeni, na pembeni kumefanya ukingo mweupe. Bahasha za jirani zilikuwa kavu. Nilivunja lakiri. Ndani palikuwa na ute mzito na unga mweupe, na lile pande la kijani lilikuwa limebaki dogo kama ukucha wa mtoto, halipenyi mwanga tena, limevaa ukungu. Chupa haitoi jasho. Nimeona chupa za bia zilizozikwa na Wabelgiji chini ya nyumba zao. Ukizifuta matope zinang'aa kama za jana. Nilichovya kidole nikaweka ulimini. Ilikuwa chumvi, na uchungu kidogo nyuma.

Nilikaa kwenye kiti. Nakumbuka kwamba karani alikuwa nje anaimba. Kisha nilifungua daftari la vielelezo, nikatafuta nambari, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: “Kielelezo kimeharibiwa na maji ya mvua yaliyovuja kutoka paani.” Paa lile lilikuwa zima. Nilikuwa nimelikagua mwenyewe mwanzoni mwa majira, na taarifa yake ilikuwa katika kabati lilelile, rafu ya pili.

Hakuna aliyenielekezea bunduki. Nasema hivyo kwa sababu watu wa rika langu, wakiulizwa kuhusu miaka ile, wana jibu moja, kwamba bunduki ilikuwa kichwani. Yalikuwapo mambo mengi niliyoyafanya bunduki ikiwa kichwani, na hayo siyaonei haya. Hili nililifanya ofisini, kwa kalamu na kwa utulivu, kwa sababu sikutaka kuvuka mto na kumwambia mwanamke asiyejua kusoma kwamba yeye alisema kweli na mimi nilikosea. Ni hilo tu.

Miaka ikapita. Vita viliisha, au vilihamia kwingine. Nilistaafu. Binti yangu alisoma, akawa mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari hapa Kasuku, upande wetu wa mto, na jioni huja kwangu kuandaa masomo kwa sababu nyumba yangu ina meza kubwa. Mwaka huu, siku moja, nilimwuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa:

“Je, chumvi inaweza kuwa kioo?”

Aliinua kichwa. “Chumvi gani, Papa? Ya dukani? Hapana. Ile hata ukiipoza mbio namna gani, itajipanga tu. Lakini chumvi ziko nyingi.”

“Nifundishe kama mwanafunzi.”

“Mwanafunzi wangu angekuwa ameshasimama.” Alicheka, akaenda jikoni, akarudi na ungo wenye mahindi na maharage.

Alinieleza kwamba chumvi yoyote ni chembe za aina mbili, zenye chaji chanya na zenye chaji hasi. Kila moja hutaka kuzungukwa na za upande wa pili na kujitenga na za upande wake. Alipanga hindi, haragwe, hindi, haragwe, na chini yake haragwe, hindi, mpaka ungo ukawa na mistari mizuri kama ya daftari. Hivyo ndivyo chumvi ya dukani ilivyo, alisema, na ndiyo maana punje yake ni mraba. Chembe zake ni za namna mbili tu na mpango wake ni mwepesi. Ikiyeyuka, kila chembe hupata nafasi yake upesi mno wakati wa kupoa. Kisha akachota karanga, kunde, mbegu za maboga, na mchele kidogo, akavichanganya vyote.

“Hii njo chumvi ya majivu,” alisema. “Iko na chembe kubwa, ndogo, zenye chaji moja, zenye chaji mbili, zingine za duara, zingine bapa. Na matete yananyonya mchanga wa mto, kwa hiyo na mchanga uko ndani. Haya, Papa, weye muntu wa utaratibu, zipange.”

Nilianza. Kazi haikuwa rahisi: kila nilipoiweka mbegu moja vizuri, nyingine ilikosa mahali. Lakini nilikuwa nikiendelea, na nilikuwa nimefika mstari wa tatu aliponinyang'anya ungo.

“Sijamaliza,” nilisema kwa hasira kidogo. “Ukinipa muda nitazipanga zote.”

“Njo hapo, Papa. Ukipewa muda.” Aliutikisa ungo kidogo, akauweka chini. “Ukiipoza polepole, inapata muda, inajipanga, inatoka nyeupe na punje. Ukiimwaga juu ya kitu baridi, inanyimwa muda. Kila chembe inakamatwa pale ilipokuwa inapita. Hicho njo kioo. Hakina kitu kigeni ndani yake. Ni chumvi ileile.”

Nilitazama ungo. Nilimwambia kwamba kwa hiyo kioo ni fujo tupu. Akasema hapana, nitazame karibu. Karibu na kila hindi palikuwa bado na haragwe au kunde. Hakuna hindi lililokubali kukaa peke yake na mahindi wenzake. Ujirani umebaki, alisema, mistari ndiyo haipo. Hapo nikaona jambo ambalo sikumwambia. Niliona soko letu siku milio ya bunduki ilipoanza: hakuna foleni iliyobaki, hakuna safu ya meza, lakini kila mama alikuwa ameshika mkono wa mtoto wake. Mtu akitazama kutoka juu, angesema hawa hawana mpango. Angekuwa amekosea kwa namna ileile niliyokosea mimi na lenzi yangu.

“Na inakaa hivyo milele?”

“Haitulii. Joto likiingia, au unyevu, inaanza tena kutafuta mistari yake. Chumvi za namna hiyo zinapenda maji sana. Hapa Kindu, na mvua zetu? Kama ungekuwa na kipande chake, Papa, kisingekaa muda. Kingetoa jasho, kikawa cheupe. Kingekuambia chenyewe.” Kisha akanitazama. “Kwa nini unauliza?”

“Kwa ajili ya kuweka kumbukumbu sawa,” nilijibu. Sikumwambia kwamba kiliniambia.

Juma lile niliandika barua ya masahihisho, nakala tatu, nikaipeleka katika ofisi yangu ya zamani. Kijana wa mapokezi aliisoma akisogeza midomo.

“Mzee, madaftari ya miaka ile? Yaliuzwa yote kwa mama wa mikate. Walifungia mikate.”

Nilimwuliza kwa idhini ya nani. Nilimwuliza kwa waraka upi. Sauti yangu ilipanda mpaka watu wakachungulia dirishani.

“Tulia, Papa,” alisema kwa upole. “Kama karatasi haiko, basi na kosa haliko. Nenda upumzike.”

Niliondoka kwa ghadhabu, na nilikuwa nimefika kwenye njia ya reli nilipotambua kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa imepumua. Hapo ndipo nilipogeuka nikaenda mtoni.

Nyumba ya yule mjane, Alunguli, nilionyeshwa na mtu wa kwanza niliyemwuliza, kwa lile jina la chupa. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kibarazani, mzee sana, macho yameingia utando. Binti yake, mwanamke wa makamo anayeuza sombe sokoni, alikuwa akitwanga.

“Nani?” mama aliuliza.

“Njo ule Shefu wa soko,” binti alijibu, bila kuacha mchi.

“Wa chupa?”

“Njo ye.”

Sikukaribishwa kukaa, na hilo lilikuwa sawa. Nilieleza nikiwa nimesimama. Nilisema kwamba ile haikuwa chupa, ilikuwa chumvi yake safi iliyoganda kabla ya kujipanga. Nilimwambia habari ya majivu na ya chembe zake, na ya reli baridi.

“Lakini nilikuambia,” alisema. “Nilikuambia haikulala.”

“Uliniambia, Mama.”

“Ukasoma mpaka kwa vitabu, ndipo ukasikia.” Hakulisema kwa ukali, binti yake ndiye aliyecheka, kicheko kifupi kibaya. “Na karatasi yako iko wapi?”

“Imepotea. Nilitaka kuisahihisha, haipo.”

“Nani alisoma ile karatasi? Hapa nani anasoma? Njo sauti yako iliniharibia jina. Lete sauti.”

Siku ya soko nilivuka nikiwa nimevaa koti langu la kazi. Binti yake alikuwa amemleta mama na kumkalisha karibu na meza ya sombe. Nilipanda juu ya sanduku. Vijana wa pikipiki walidhani nauza dawa.

“Papa, iko inaponya mugongo?” mmoja aliuliza.

“Iko inaponya uongo,” mwenzake alijibu kabla yangu, maana alikuwa ameshaambiwa, na watu wakasogea.

Nilisema wazi kwamba katika miaka ya vita, mahali hapa, nilitangaza kwamba mama huyu aliuza chupa, na kwamba nilikosea. Kwamba ilikuwa chumvi. Kwamba aliomba maji ya kuipimia nami nikamkatalia. Nilieleza kwa nini iling'aa. Wazee waliokumbuka walitikisa vichwa. Wanawake wawili walipiga vigelegele. Nilishuka, na yule mama akanyoosha mikono yake yote miwili akaushika mkono wangu.

“Aksanti, Papa. Weye uko muntu wa haki. Wengine wangenyamaza mpaka kaburi.”

Binti yake alileta kiti, akakifuta kwa kanga yake, nikakaa. Nilikaa! Nilikunywa maji niliyopewa. Watu walinipa mkono mmoja baada ya mwingine, wakisema kwamba zamani kulikuwa na wafanyakazi wa serikali wa kweli, nami niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimesema nilikosea. Sikuwa nimesema kwamba nilijua. Katika mtumbwi wa kurudi niliuficha mkono ule mfukoni kama mtu aliyeiba.

Siku ya soko iliyofuata nilivuka tena. Mama alikuwa palepale. Binti yake aliniambia kwamba sasa anataka kuletwa kila mara, akae asikie watu wakimsalimu kwa jina lake. Binti alikuwa ameshainuka kunitafutia kiti. Nilimwomba asubiri. Sikupanda juu ya sanduku, lakini nilisema kwa sauti.

“Siku ile sikumaliza. Nilijua. Mvua za mwaka uleule hazijaisha, niliona ile chumvi imeyeyuka mu kabati yangu, na niliionja. Nikaandika kama paa lilivuja. Paa halikuvuja. Na muuguzi aliniambia ile damu ya mutoto ilitoka mu jino. Nilijua miaka hii yote.”

Aliyesema kwanza alikuwa yule mwuza samaki, ambaye sasa ni bibi mwenye fimbo, na bado anauza samaki.

“Na miye?” alisema. “Miye niliyemwaga beseni ya kwanza? Mutoto wangu alikuwa na jino, na weye ulijua, na miye nimepita mbele ya huyu mama bila salamu mpaka nimezeeka?”

Yule mama ndiye aliyejibu, akigeuza uso kuelekea sauti ya mwuza samaki, si yangu.

“Weye ulimwaga sababu ulisomewa, dada. Kuja ukae hapa.”

Binti yake alikipeleka kiti kwa mwuza samaki. Bibi yule alikaa, akalia, na wale wazee wawili wakashikana mikono, wakaanza kuulizana habari za watoto, waliokufa na waliobaki, kwa sauti ndogo isiyokuwa ya watu wengine. Watu walirudi kwenye meza zao. Mmoja wa wale walionipa mkono juma lililopita alinipita karibu sana na hakuniona.

Nilisubiri. Nilidhani lazima kuwe na neno la mwisho, kwa kuwa kila kikao nilichowahi kukiendesha kilifungwa rasmi. Baada ya muda yule mama alihisi kwamba bado nipo.

“Papa,” alisema, “mutumbwi iko inajaa. Enda.”

Nilinyoosha mkono kumuaga. Macho yake hayakuuona, na binti yake, ambaye aliuona, hakumwambia. Niliurudisha, nikashuka mtoni.